Ufunguo wa Nati za Shakuru

Gurudumu lililomuua Hugues lilikuwa limelazwa juu ya gunia katika ua wa kituo cha polisi, safi kupita kiasi kwa kitu kilichobiringika mpaka bondeni. Watu wa mlimani walilipandisha mabegani hadi barabarani, na mmoja wao, mtu mwema sana, akaona si adabu kuikabidhi serikali kitu kichafu, akalifuta tope lote kwa majani ya mgomba. Inspekta Dative alikuwa akimlaani mtu huyo kimoyomoyo tangu alipoamka.

Rimu yenyewe ilikuwa ya kujionyesha: nyeusi, pana, haikuzaliwa na gari. Mgongoni mwake ilikuwa imeng'ang'ania spesa, lile bamba nene la alumini ambalo vijana wa mjini huliweka kati ya kitovu cha ekseli na rimu ili magurudumu yatokeze nje na gari lionekane limetanua mabega. Kazi yake si ngumu kuielewa. Spesa hufungwa kwenye kitovu kwa nati tano za ndani, kisha rimu huvishwa juu yake na kukazwa kwa nati tano za nje. Ukishaivisha rimu, zile za ndani huzioni tena wala spana haizifikii.

Za nje zote zilikuwa zimekaza, mahali pake. Zilizoachia ni za ndani. Hugues alikuwa akishuka kutoka Bugarama, peke yake, anatoka kupanga siku ya mahari na wazazi wa mchumba wake, gurudumu la mbele likachomoka kwenye kona, na gari likalifuata korongoni.

Mwendesha mashtaka hakuona fumbo lolote hapo. Fundi aliyezifunga spesa hakukaza, mtu amekufa, basi. Fundi huyo, Shakuru wa Buyenzi, alikuwa mahabusu, faili lake linatakiwa jioni hiyo hiyo, na kesho yake angehamishiwa gerezani kungoja kesi ambayo huenda ikamkuta ameota mvi. Tena gereza lilikuwa afadhali. Wajomba wa Hugues walikuwa wamekwisha kupita Buyenzi kuuliza karakana yake iko wapi, na hawakuwa na gari la kutengeneza. Mke wa Shakuru, Radhia, alikuwa amesimama nje ya lango la kituo na kapu la chakula ambalo askari hawakulipokea, macho yamemvimba.

"Nenda nyumbani, mama, uningoje huko," Dative alimwambia. "Nitakuja kukuona mwenyewe."

Angekujaje, hilo lilikuwa swali jingine. Pikapu ya kituo ilikuwa haijaonja mafuta kwa majuma, na siku hizi Bujumbura mwenye malalamiko ndiye hutafuta gari la kumbeba mpelelezi. Ndugu za Hugues walimleta Claude, rafiki wa marehemu tangu shule, mtu mtaratibu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya msiba. RAV4 yake ya kijivu ilikuwa pacha wa ile iliyokuwa korongoni. Walizinunua pamoja, wakazipeleka kwa Shakuru pamoja, zikafungwa rimu zile zile na spesa zile zile. Asubuhi hiyo alimchukua Dative kutoka nyumbani kwake akiendesha kwa fujo, anakata kona kama anayefukuzwa, na Dative alishika kishikio cha mlango njia nzima asiseme kitu. Gari la msaada hulichagulii mwendo.

Alipiga magoti mbele ya gurudumu. Kwenye kila nati ya nje palikuwa na mstari mwekundu ulioanzia kichwani mwa nati ukashukia kwenye rimu. Ni alama ya fundi. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unavunjika na jicho linaona. Mistari yote mitano ilikuwa mizima, na ndiyo sababu kubwa ya mwendesha mashtaka kumkaba Shakuru: toka mkono wa fundi, hakuna aliyegusa.

Dative alikwaruza mstari mmoja kwa ukucha. Alitazamia ubanduke kama gamba, maana faili lilisema fundi hutumia rangi ya kucha ya mkewe, na rangi ya kucha Dative anaijua, Jumapili moja kwa mwezi hujipaka. Huu haukubanduka. Ulivutika, mzito, ukaacha utelezi chini ya ukucha wake. Rangi ya mafuta. Kando yake, upana wa punje ya mchele, palikuwa na tone dogo la wekundu mwingine, unaong'aa, lililobaki peke yake kwenye rimu. Mstari wa zamani ulikuwa pale. Huu ulichorwa baadaye, na aliyeuchora hakupatia.

Akamwita Mawazo, askari wa zamu, wakaliinua gurudumu na kulitikisa. Kitu kililia ndani.

"Tena."

Likalia tena. Dative akamulika tochi ya simu katika upenyo wa rimu, akakaa hivyo muda mrefu mpaka shingo ikamuuma. Humo ndani mlikuwa na nati mbili, kila moja bado imeshika kipande cha chuma kilichokatika. Mashimo mengine matatu yalikuwa matupu.

Akamweleza Mawazo kwa sauti, kama afanyavyo akitaka kujisikiliza. Nati ya ndani ikilegea yenyewe itakwenda wapi? Mbele imezibwa na rimu, nyuma kuna spesa. Itabaki humo humo inagongagonga. Kama fundi hakukaza, nati zote tano zingekuwa ndani ya gurudumu hili. Tatu hazimo. Basi kuna mtu aliivua rimu, akazitoa kwa mkono wake, akairudisha rimu, akakaza vizuri, akachora mistari mipya. Hugues alipanda milima na kushuka kwa nati mbili.

Claude alikuwa kwenye bomba la maji karibu na lango, ananawa uso. Kama alisikia, hakuonyesha.

Jambo la mwisho aliloliona Dative kabla hajainuka lilikuwa ubavuni mwa tairi. Palikuwa na namba, imechorwa kwa kijiti, kwa rangi nyekundu ya mafuta. Wekundu ule ule.

*

Shakuru alikuwa mtu wa maneno makubwa, na mahabusu haikumpunguzia. Alikaa sakafuni na ovaroli yake, akaapa kwa dini yake na kwa watoto wake kwamba toka ziwani mpaka Kamenge hakuna fundi anayefunga jante, yaani rimu, kama yeye. Alimwambia Hugues arudi baada ya siku chache akazewe tena, ndivyo inavyotakiwa kwa spesa, na Hugues akamjibu arudi kwa mafuta gani. Hilo Dative aliliamini bila kiapo.

Alimuuliza nani mwingine angeweza kuivua ile rimu. Shakuru akatikisa kichwa. Katika nati tano za nje, moja ni ya kufuli, kichwa chake kina umbo la ua, haifunguki ila kwa ufunguo wake.

"Kila mutu na ufunguo wake, Mama Inspekta. Ya Hugues haiwezi kufungua gari ya mutu mwingine hapa Buja yote. Wateja wote nawaambia hivyo. Ndiyo maana wanakuja kwangu."

"Na wewe unabaki na nakala?"

"Apana. Mi sibaki na kitu."

"Basi omba huo wa Hugues uwe ulipotea," Dative alimwambia. "Kama haukupotea, umebaki wewe."



*

Haukupotea. Nyumbani kwa marehemu, Nyakabiga, dada yake Chanelle aliutoa kwenye droo ya kabati la vyombo, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Hugues aliuweka hapo siku ile ile aliyotoka kwa fundi, akasema mjini wezi wa jante ni wengi, na haujatoka hapo. Chanelle aliyasema hayo huku akilia bila kujifuta. Dative akautia mfukoni.

Alimuuliza kama ndugu yake alikuwa na ugomvi na mtu. Hakuwa nao. Hata ule wa kale ulikwisha vizuri, Chanelle alisema, maana Ingrid, mchumba wa Hugues, aliwahi kuwa na Claude kabla, miaka kadhaa, watu wote walidhani wataoana. Lakini Claude ni mtu mwenye moyo. Hakusema neno. Hugues alimwomba awe msimamizi wake wa harusi, parrain, na akakubali.

Dative alichungulia dirishani. Claude alikuwa kivulini ng'ambo ya barabara, ameegemea gari lake, anasoma simu.

Ndani ya gari alimwambia kwamba ufunguo wa nati ulikuwa nyumbani siku zote. Claude akapumua kwa nguvu, mikono kwenye usukani.

"Sasa si ni Shakuru? Nani mwingine anaweza kufungua?"

"Inaonekana hivyo," Dative alisema. "Nipeleke kwenye mstari wa kungojea mafuta."

Mstari wenyewe ulikuwa umelala barabarani, magari yamefuatana mpaka macho yanachoka, madirisha yamefungwa matambara kuzuia jua. Mkubwa wake alikuwa Cirimwami, dereva wa lori aliyekosa lori, amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Kazi yake ni kuzuia watu wasiruke foleni. Kila gari analichora namba kwenye tairi la mbele, maana ukichora kioo wenyewe wanatukana. Kopo la rangi lilikuwa juu ya jiwe, kijiti ndani yake, jekundu. Yeyote angeweza kuchovya.

Cirimwami aliikumbuka RAV4 ya Hugues. Ilikaa siku nyingi, ikisukumwa kwa mikono hatua kwa hatua. Dative alimuuliza kama aliona mtu akilivua gurudumu lake, na mzee akamtazama kwa huruma. Hapa watu wanafungua magari na kuyafunga, wananyoana, wanapika maharage, wengine wamepata wachumba. Nani ataangalia jeki?

"Na mwenyewe akiondoka, ufunguo wa gari anamwachia nani?"

"Anamwachia wa nyuma yake, mama. Wa nyuma ndiye atamusukuma. Ndiyo sheria yetu."

"Nyuma ya Hugues alikuwa nani?"

Cirimwami akaonyesha kwa kidevu. Claude alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma ya Dative.

"Mi ndiye nilikuwa nyuma yake," Claude alisema, wala hakubabaika. "Sikukwambia, madamu? Siku zote tulikuwa pamoja. Lakini ufunguo wa gari si ufunguo wa nati."

Alisema kweli, na Dative akakubali kwa kichwa. Claude hakuwa amemwambia, lakini. Hilo nalo Dative aliliweka mahali pake, kimya.

Walipokuwa wakielekea Buyenzi mawingu yalianza kushuka juu ya milima ya mashariki, meusi, na joto likazidi kubana. Dative alisema kesho asubuhi angependa kupanda mpaka kwenye lile korongo, akakione kitovu cha gari kwa macho yake, ila ndiyo hivyo, pikapu. Claude akamwambia achukue hii. Yeye atakuwa na shughuli za mazishi, na tangi lina mafuta ya kutosha kwenda na kurudi. Angemwachia ufunguo jioni hii hii.

Ukarimu wa namna hiyo, katika mji ambao watu wanafunga vifuniko vya tangi kwa makufuli, Dative hakuutegemea. Akaona aibu kuongeza ombi, akaongeza. Binti yake amefunga shule, na nyanya yake yuko Muramvya, njia ni ile ile. Je, angeweza kumpitisha?

Claude alipunguza mwendo. Alibadili gia, akapisha baiskeli iliyobeba makaa.

"Nafasi iko, madamu," alisema.

*

Buyenzi ni mahali ambapo mtu asiye na spana ndiye hutazamwa. Kila gari la pili liko juu ya jeki, miguu inatokeza chini ya injini, redio tatu zinapigana. Claude akasema atangojea barabarani. Dative akaingia uani kwa Radhia, akaketi kwenye mkeka kwa sababu kukataa kungemuumiza, akanywa chai ya tangawizi ambayo hakuitaka.

Radhia alimletea kichupa cha rangi ya kucha bila kuulizwa mara mbili. Dative akadondosha tone kwenye sahani, likakauka linang'aa, akalibandua kwa ukucha. Gamba. Ndilo lile tone la upweke alilolikuta kwenye rimu. Kisha akaomba kuona Shakuru anapoweka nati zake, na hapo Radhia akaanza kukunja ncha ya mtandio.

Katoni ilikuwa chini ya kitanda; akaileta mkekani. Ndani yake vifuko vya plastiki, kila kimoja na nati zake na ufunguo wenye umbo la ua. Dative alitoa ufunguo wa kifuko cha kwanza akaujaribu kwenye nati ya kifuko cha pili. Ukaingia. Akaujaribu kwenye cha tatu, ukaingia. Akatoa mfukoni ule wa Hugues wenye kamba ya kiatu. Ukaingia kote, laini, bila kusukumwa.

Alimwangalia Radhia. Radhia alikuwa anaangalia mkeka.

"Yote iko sawa, dada. Katoni moja, ufunguo moja. Alisema mutu akijua, hatanunua." Akakunja mtandio tena. "Uongo wa biashara tu. Si wa kuua mutu. Usiwaambie wateja, watatuchomea nyumba."

Dative hakujua acheke au amzabe mtu kofi. Mjinga yule amekaa mahabusu anajifunga kamba shingoni kwa mkono wake mwenyewe, anaapa kwamba hakuna ufunguo mwingine, kumbe nusu ya vijana wa mji wana ufunguo wa jante za wenzao kwenye shada lao na hawajui. Kila mmoja ameaminishwa kwamba wake ni wa peke yake.

Hawajui, ila mmoja. Mtu mmoja aliwahi kujaribu.

Akakunja mguu, akafikiri. Kumtaja mtu hakutoshi. Claude atasema alikuwa nyuma kwenye mstari, ndiyo, pamoja na watu wengine mia, na rangi ni ya kila mtu. Mwendesha mashtaka atasema Shakuru ana katoni nzima ya funguo, na hapo fundi atazama zaidi kuliko asubuhi. Alichopata kilikuwa kinaweza kumuua Shakuru au kumwokoa, kutegemea nani atakisikia kwanza.

Alimwambia Radhia asifungue mdomo kwa mtu yeyote, hata kwa jirani wa kuombana chumvi. Kisha akatoka.

Claude alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Akasema alikuwa anaangalia upepo wa tairi. Njia ya kurudi aliendesha polepole, kama amebeba mayai, akikwepa kila shimo, na kwenye kona Dative alisikia kitu kikigonga kwa mbali, tok, tok, kisha kikaacha. Akadhani Claude anabana mafuta, na barabara ni mbovu. Alikuwa anafikiri namna ya kuuliza swali moja tu.

*

Karani wa mwendesha mashtaka alikuwa amekwisha kufika kituoni, amekaa kwenye benchi na mkoba magotini, anangoja faili. Claude akamkabidhi Dative ufunguo wa gari kama alivyoahidi, akamtakia safari njema ya kesho. Alikuwa anageuka aondoke.

"Kabla hujaenda," Dative alisema. Alisema kwa uchovu, kama mwenye kero ndogo. "Nataka kulifungua hili gurudumu nitoe vile vipande vya ndani niviambatanishe na faili. Na ufunguo wa Hugues nimekwisha kuupeleka kwa mwendesha mashtaka. Hata sijui nifanye nini."

Claude alirudi. Akatoa shada lake la funguo za nyumba mfukoni, akachomoa kile kichuma chenye umbo la ua, akampa Mawazo.

"Tumia hii yangu."

Mawazo akaweka spana, akazungusha. Nati ya kufuli ikalegea, ikatoka. Claude akatabasamu kidogo, mtu aliyefurahi kusaidia. Karani kwenye benchi hata hakuinua uso. Dative akaichukua ile nati mkononi.

"Shakuru alikwambia nini siku alipokupa ufunguo huu?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu ufunguo."

Claude akafungua mdomo. Ukabaki wazi kidogo. Jambo mtu akikaa nalo muda mrefu husahau kwamba wengine hawalijui, na Dative aliona wazi usoni pake saa ile ile alipokumbuka.

"Alikwambia ni wako peke yako," Dative alisema. "Haufungui gari jingine hapa Buja yote. Hugues aliambiwa hivyo, akaufungia ndani ya droo. Mi nimeambiwa hivyo leo. Asubuhi wewe mwenyewe umeniuliza, nani mwingine anaweza kufungua. Sasa wako umejuaje kwamba unaingia hapa?"

"Nilitaka kujaribu tu."

"Hukusema tujaribu. Ulisema tumia. Ulijaribu siku nyingine, kwenye mstari, Hugues amekuachia gari lake ulisukume."

Akautoa mfukoni ule wenye kamba ya kiatu, akauweka juu ya gunia karibu na wa Claude. Karani alikuwa amesimama sasa, mkoba umemwangukia miguuni.

Claude alizitazama zile funguo mbili. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida, karibu ya upole.

"Aliniomba mi nisimame parrain," alisema. "Mi, madamu. Alikuja kwangu anacheka, akaniomba mi."

Mawazo akamfunga mikono, naye akaitoa mwenyewe.

Faili liliondoka na karani likiwa na jina jingine juu yake. Shakuru alitolewa kabla jua halijaingia mawinguni. Radhia, aliyeletwa na pikipiki, alimshika kwa ovaroli akamvuta, akampiga ngumi ya kifua, kisha akalia juu ya kifua hicho hicho. Shakuru alipomkaribia Dative ili ashukuru, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa kuomba jambo la katoni lisifike kwa wateja.

"Kesho utawaita wote, mmoja mmoja, uwaambie," Dative alimjibu. "Usipowaambia wewe, nitawaambia mi."

Wakaondoka. Ua ukabaki kimya, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya bati.

Dative alitoka nje ya lango ili aiingize ndani RAV4 ya kijivu, maana sasa nayo ilikuwa kielelezo. Mkono wake ulikuwa kwenye mlango alipokumbuka kile kitambaa. Akakumbuka ule mwendo wa mayai, kutoka kwa mtu aliyekata kona asubuhi kama anafukuzwa. Akakumbuka tok, tok. Na Buyenzi, ambako mtu akipiga jeki barabarani hakuna anayegeuza shingo.

Alizunguka gari upande wa abiria, akachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, akawasha tochi.

Mistari ya Shakuru ilikuwa pale, inang'aa. Kwenye kila nati ilikuwa imekatika, nusu kwenye nati, nusu kwenye rimu, hazitazamani. Safari hii hakukuwa na kopo la rangi karibu. Dative aliibana nati moja kwa vidole viwili, vidole vitupu, akaizungusha. Ikazunguka.

Akakaa chini kwenye kokoto palepale, mvua inamlowesha mgongo. Aliogopa kama hajawahi kuogopa katika kazi hii.

Simu ililia mkononi. Alikuwa binti yake. Alikuwa amekwisha kufunga begi, alitaka kujua kama nyanya ameambiwa, na kama wataondoka mapema.

"Na mi nikae mbele, mama? Nafasi iko?"